Kipimo Kwanza, Lawama Baadaye



Yako makosa yasiyo na mkosaji. Neno hili ni gumu kulikubali, kwa kuwa moyo wa mwanadamu, ukipatwa na hasara, hutafuta mtu kabla ya kutafuta sababu. Mtumbwi ukizama, yuko aliyeutuma upepo. Mtoto akishikwa na homa, yuko jirani aliyemtazama vibaya. Katika nchi yetu ya Fizi, ambamo vita vimepita na kurudi mara nyingi, desturi hii ina hatari kubwa, maana mtu aliyetajwa leo jioni kwa uvumi aweza kukosa usingizi usiku huo huo, hata kukosa uhai. Basi leo napenda kuwaeleza jinsi wanafunzi wangu wa Baraka walivyofundishwa jambo hili na kitu ambacho wengi walikiita mchezo wa watoto: gari-moshi dogo la umeme, linalozunguka juu ya meza.

Huenda mtaniuliza: Gari-moshi na Baraka wapi na wapi? Ni kweli, kwetu hakuna reli. Mizigo yetu husafiri kwa malori katika barabara itokayo Uvira kwenda Fizi na Kalemie, au kwa maboti ziwani. Lakini Ziwa Tanganyika lina reli upande wa mashariki na wa magharibi. Ng'ambo ya mashariki, reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Upande wetu, reli ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie, mji uliokuwa ukiitwa Albertville, mwaka 1915. Wazazi wengi wa wanafunzi wangu walivuka ziwa kwa ajili ya vita tangu mwaka 1996, wakakaa miaka mingi katika kambi za mkoa wa Kigoma, kama vile Lugufu na Nyarugusu. Kuanzia mwaka 2005 wengi walirudishwa kwa meli mpaka Baraka. Wengine miongoni mwao wamesikia honi ya treni kwa masikio yao. Watoto wao waliozaliwa huku hawajaisikia.

Kwa hiyo, mzee mmoja wa Ulaya, rafiki wa misioni, alipotuletea sanduku lenye reli ndogo, injini mbili na mabehewa matano, nililipokea kwa furaha, nikaanzisha kikundi cha umeme kwa vijana wa sekondari. Tuliunda meza ya mbao mbili zinazoungana katikati. Kituo cha kwanza tukakiita Kalemie, na cha mwisho tukakiita Kabalo. Reli ya kweli ya Kalemie ina upana wa milimita 1,067, na ile ya Kigoma milimita 1,000. Yetu ina milimita 16 na nusu tu, na injini na mabehewa yake yamepunguzwa mara 87.

Yafaa kwanza niwaeleze jinsi treni hiyo inavyoamriwa. Zamani vitu vya namna hii viliendeshwa kwa njia nyepesi. Ukiongeza umeme katika reli, injini hukimbia. Ukiupunguza, huenda polepole. Ukigeuza upande wa umeme, injini hurudi nyuma. Taabu yake ilikuwa moja. Injini mbili zikisimama juu ya reli ile ile, zote mbili hutii pamoja, kama ng'ombe wawili chini ya nira moja. Huwezi kuiita moja na kuiacha nyingine.

Katika miaka ya 1990 chama cha wapenda reli ndogo cha Marekani, kiitwacho National Model Railroad Association, kiliweka kanuni moja kwa watengenezaji wote, kwa kufuata kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Kanuni hiyo huitwa kwa kifupi DCC. Kwa kanuni hiyo nguvu ya umeme katika reli ni ile ile daima, treni ikimbie au isimame. Umeme hugeuka upande maelfu ya mara kila sekunde, na ndani ya kugeuka huko mna maneno. Geuzo la haraka, ambalo kila nusu yake hudumu vipande 58 vya sekunde iliyokatwa vipande milioni, ni alama ya moja. Geuzo la polepole, ambalo kila nusu yake hudumu vipande 100 au zaidi, ni alama ya sifuri. Kwa alama hizo mbili tu, kifaa cha amri hutunga ujumbe: kwanza namba ya injini, kisha amri yenyewe, na mwisho neno la kuhakikisha kwamba ujumbe haukuharibika njiani.

Ndani ya kila injini mmefichwa kifaa kidogo kiitwacho dekoda, ambacho husoma ujumbe huo. Mmekwisha kumwona katekista akisoma majina baada ya Misa ya Dominika: kanisa zima husikia, lakini aliyetajwa peke yake ndiye anayesimama. Ndivyo ilivyo mezani petu. Amri hupita katika reli zote, na injini zote huisikia, lakini hutii ile tu ambayo namba yake imetajwa. Hivyo nyaya mbili zile zile huchukua chakula na barua kwa pamoja: nguvu ya kuendesha, na neno la kuongoza.

Nilipowaeleza vijana mambo hayo walishangilia. Lakini fundi hatambulikani kwa kushangilia, bali kwa kuunga nyaya. Mara ya kwanza tuliposimika reli, injini ilikimbia vizuri karibu na kifaa cha amri. Ilipofika upande wa mbali ikawa kama mtu mwenye usingizi, taa yake ikafifia, kisha ikasimama. Betri ya sola ilikuwa imejaa, na ile inveta iliyotupatia volti 220 kwa transfoma yetu ilikuwa nzima. Ila umeme ulilazimika kusafiri ndani ya reli nyembamba na kupita viunganishi vingi vya bati, na katika kila kiunganishi ulipoteza nguvu kidogo.

Basi tukapitisha chini ya meza nyaya mbili nene za milimita mraba 2.5, moja nyekundu na moja nyeusi, ziwe kama barabara kuu. Kila baada ya mita moja tukapandisha nyaya nyembamba mbili, kila moja ikalehemiwa kwa risasi chini ya reli yake. Nyekundu ilikwenda reli ya kushoto tu, nyeusi reli ya kulia tu, bila kubadilishana hata mara moja. Tukazipangusa reli kwa kitambaa chenye spiriti, maana vumbi la Baraka wakati wa kiangazi halina huruma. Injini ikaenda Kalemie hadi Kabalo kwa mwendo mmoja.

Palibaki jaribio la mwisho, ambalo mafundi wa treni hizi hulifanya kwa sarafu. Unailaza sarafu ya chuma juu ya reli zote mbili, mahali mbalimbali, na kila mara kifaa cha amri kinapaswa kukata umeme pale pale. Kama hakikati, nyaya zina udhaifu, na siku itakapotokea shoti ya kweli umeme mwingi utapita bila kuzuiwa, nyaya zitapata moto, na plastiki itayeyuka. Sokoni kwetu hutumika noti tupu. Ikabidi mama mmoja aliyerudi kutoka Tanzania atuazime shilingi mia ya chuma aliyokuwa ameihifadhi kama ukumbusho. Tuliilaza mahali kumi na mawili, na mara kumi na mbili kifaa kilikata. Nyaya zetu zilikuwa imara.

Sasa nakuja kwenye habari yenyewe. Jumamosi moja nilikuwa nimepanda Fizi kwa mkutano wa makatekista. Wakubwa wa kikundi walitaka treni ikifika Kabalo igeuke na kurudi yenyewe, bila mtu kuinyanyua kwa mkono. Wakaweka njia-panda, na mbele yake wakakunja reli mfano wa kitanzi. Treni itoke kwa mkono wa kushoto, izunguke, na kuingia tena kwa mkono wa kulia. Kazi yao ilikuwa safi, na jioni walifunga chumba bila kuijaribu.

Jumatatu asubuhi kifaa cha amri kiliwaka taa nyekundu na kukata umeme. Tukakizima na kukiwasha; kikakata tena. Hakuna injini iliyosogea.

Katika kikundi alikuwamo kijana aliyefika shuleni majuma matatu tu kabla ya siku hiyo. Wazazi wake walikuwa wameshuka kutoka milimani wakikimbia vita. Lafudhi yake haikuwa ya huku. Jumamosi ile yeye ndiye aliyefagia chumba, akatoka wa mwisho. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, tangu afike huyu, mambo yetu yameharibika." Saa sita mchana walisema ameonekana na kipande cha msumari. Jioni, mtaani, watu wazima walisema ametumwa. Nani alimtuma, na kwa faida gani, hakuna aliyeuliza. Neno "ametumwa" kwetu halihitaji maelezo, na ndiyo maana linaua.

Usiku ulipoanza kuingia baba yake alikuja kwangu, kofia mkononi. Hakutaka kuketi.

"Mwalimu," akasema, "afadhali nimtoe mtoto shuleni. Sisi ni wageni hapa. Neno dogo laweza kutuletea watu usiku."

Nikamjibu, "Baba, nipe siku moja. Kesho uje pamoja naye, uone kwa macho yako. Ikiwa ameharibu, nitakuambia mbele yako. Ikiwa hakuharibu, nitawaambia wote."

Akakubali, lakini niliona kwamba alikubali kwa heshima tu, si kwa matumaini.

Seminarini tulifundishwa mantiki, na katika masomo yale moja halikunitoka: jambo kufuata jingine si ushahidi kwamba lile la kwanza limelizaa la pili. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Hata hivyo ukimchinja jogoo, kesho kutakucha. Kijana alikuja, kisha treni ikasimama. Kati ya mambo hayo mawili palikuwa na meza nzima ya nyaya ambayo hakuna aliyeipima.

Jumanne tulikusanyika wote, na yule mzee akaketi kwenye benchi karibu na mlango. Niliweka sheria moja: jina la mtu lisitajwe mpaka kipimio kimesema. Kisha tukaondoa kifaa cha amri na injini zote, maana nyaya hazipimwi kwa namna hii huku umeme umo ndani yake. Nikachukua kipimio ambacho mafundi wa sola hukiita mita, nikakitega kwenye alama ya mlio. Ncha zake mbili zikigusa njia moja ya umeme, hulia. Njia zikiwa mbali mbali, hunyamaza. Ncha moja reli ya kushoto, nyingine reli ya kulia: yatakiwa kimya. Ikalia.

Nikawauliza, "Tuanze wapi?" Mmoja akataka tufumue nyaya zote. Nikakataa. Anayefumua yote hupoteza kosa pamoja na ushahidi wake. Tukazitenga mbao mbili za meza pale zinapoungana. Ubao wa Kalemie: kimya. Ubao wa Kabalo: mlio. Kwa kipimo kimoja nusu ya meza ilikuwa imetoka hatiani.

Katika ubao wa Kabalo tukafungua nyaya za chini na kuzipima peke yake: kimya. Tukaondoa kitanzi kutoka kwenye njia-panda na kupima njia-panda pamoja na reli iliyonyooka: kimya. Tukapima kitanzi peke yake: kimya vile vile.

Vijana wakatazamana. Kila kipande kilikuwa kizima, wala hapakuwa na msumari popote. Mmoja akanong'ona, "Mwalimu, labda mita imekufa." Nikalipenda swali hilo, maana na shahidi pia hupimwa. Nikagusanisha ncha mbili za mita, ikalia kwa nguvu. Shahidi alikuwa mzima.

Tukarudisha ncha moja ya kitanzi kwenye njia-panda: kimya. Tukarudisha ncha ya pili: mlio. Tukaitoa: kimya. Tukairudisha: mlio. Tulifanya hivyo mara tatu, na mara tatu jibu lilikuwa lile lile.

Hapo nikamwita yule kijana aliyekuwa amesema kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Nikamwambia aweke kidole juu ya reli ya kushoto, kabla ya njia-panda, akifuate chuma hicho bila kukiacha. Kidole kikatoka kwa mkono wa kushoto, kikafuata reli ya nje ya kitanzi, kikazunguka, kikarudi njia-panda kwa mkono wa kulia, na kikatokea juu ya reli ya kulia. Akasimama pale, kidole bado kipo juu ya chuma.

"Mwalimu," akasema polepole, "zimekuwa moja."

Ndivyo ilivyokuwa. Treni inapogeuka katika kitanzi, reli ya kushoto hurudi ikiwa ya kulia. Nyekundu yakutana na nyeusi, na shoti yatokea pasipo mtu kuigusa. Kila kipande kilikuwa hakina kosa. Kosa lilikuwa katika namna ya kuviunganisha. Na waliokuwa wameviunganisha ni wale wale waliokuwa wakimtafuta mkosaji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Dawa yake inajulikana kwa mafundi. Tulikata reli zote mbili katika kila mwisho wa kitanzi na kuweka viunganishi vya plastiki, ili kitanzi kiwe kisiwa. Kisiwa hicho tukakilisha umeme kupitia swichi inayoweza kubadilisha nyekundu na nyeusi. Treni huingia nzima ndani ya kitanzi, mtu hugeuza swichi, na treni hutoka upande wa pili bila kusita. Injini ya namna ya zamani ingerudi nyuma hapo. Hii haijali, kwa kuwa mwendo wake hauongozwi na upande wa umeme katika reli, bali na neno lililotumwa kwa namba yake. Viko pia vifaa vinavyogeuza vyenyewe, lakini sisi hatukuwa nacho, na swichi ya mkono ilitutosha.

Swichi hiyo nilimpa yule kijana mgeni aigeuze mara ya kwanza. Treni ilizunguka kitanzi, ikarudi Kalemie. Baba yake alisimama, akavaa kofia yake, akaniambia, "Mwalimu, kesho atakuja."

Lakini wasomaji wapenzi, nisiwafiche. Treni ilitengenezeka kwa siku moja. Uvumi haukutengenezeka kwa siku moja. Wawili kati ya wanafunzi walimpa mwenzao mkono papo hapo. Mmoja alichukua majuma mawili. Mtaani, watu waliokuwa wamelisikia lile neno la Jumatatu hawakuisikia habari ya Jumanne, maana lawama hupita kwa mbio na ukweli huenda kwa miguu. Ikabidi Dominika ile niende na wakubwa wa kikundi katika jumuiya ya mtaa wao. Mbele ya wazee wakaeleza kwa vinywa vyao wenyewe jinsi reli ilivyojizunguka. Mzee mmoja alicheka. Mwingine aliuliza kama hirizi haikuwekwa ndani ya kitanzi. Tukaeleza tena. Kazi ya kurudisha jina la mtu mahali pake ina jasho kuliko kazi ya kulehemu nyaya.

Wazazi wengine waliniuliza treni ya mezani yafaa nini katika mji usio na reli. Nawajibu hivi. Vijana wawili wa kikundi hicho waliitwa kutazama vipaza sauti vya kanisa vilivyokuwa vikikatika katikati ya mahubiri. Zamani tungesema fundi wa kwanza ametuibia. Wao walizima umeme, wakagawa waya nusu kwa nusu, wakafika kwenye kiungo kimoja kilichooza kwa unyevu, wakakikata na kukilehemu upya. Haikutajwa jina la mtu yeyote.

Njia hiyo yafaa pia nje ya nyaya. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya akapimwe damu kabla ya kumtaja bibi wa jirani. Fedha za chama zikipungua, fungueni daftari na kuhesabu ukurasa kwa ukurasa kabla ya kumwita mweka hazina mwizi. Ugomvi ukizuka kati ya familia mbili, ondoeni kwanza moto wa hasira, kama tulivyoondoa umeme. Kisha sikilizeni kila upande peke yake, mkawapime na mashahidi pia. Huenda mtakuta kwamba kila mmoja peke yake ni mtu mwema, na kwamba taabu i katika kiungo kati yao, na kiungo hutengenezwa. Kama yuko mkosaji kweli, kipimo kitamwonyesha vile vile, tena bila kumwumiza asiyehusika.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 11 ya kitabu chake, atuonya tusitangulize lawama mbele ya uchunguzi. Yeye hakuona gari-moshi wala mita ya umeme, lakini aliijua mioyo yetu. Sisi tunaokaa ukingoni mwa ziwa hili, wenyeji na wageni, waliorudi kutoka ng'ambo na walioshuka kutoka milimani, tumeungwa pamoja na Mungu katika mji mmoja. Shoti zitatokea. Zikitokea, wazazi na wanafunzi, shikeni kipimo kabla ya kushika jina la mtu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na sisi wa Baraka ndio tungepaswa kulijua neno hilo kuliko wote.